Sauti Ikibadilika, Msimtoe Ndani

Wanangu, nyinyi mliozaa watoto wa kiume na sasa wana miaka 13, 14, 15, nina neno nanyi. Nimelea wavulana nyumbani kwangu Tanga, nikafundisha wa wenzangu madarasani mpaka nikastaafu, na sasa wajukuu wamefika umri uleule. Nililoliona likijirudia katika nyumba za wenye nacho na za wasio nacho ni hili: siku sauti ya kijana inapoanza kukwaruza na ndevu kuchungulia, nyumba nzima inaondoa mkono. Mama anaona haya kumgusa. Baba anaona kazi ya malezi imekwisha. Dada zake wanaambiwa wasitoke baada ya magharibi, yeye haulizwi anakwenda wapi wala na nani. Kisha anapewa ufunguo wa chumba cha uani chenye mlango wake wa nje, anakiita geto, na tangu hapo mnajua yupo kwa kuona viatu mlangoni na sahani chafu dirishani.

Huko kuondoa mkono ndiko ninakowaonya. Sianzi na bangi, sianzi na pikipiki wala makundi, kwa sababu hayo yote huja baadaye, yakikuta nafasi imeachwa wazi. Mmezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, kisha mkamtazama mtoto wa miaka 14 kama aliyekwisha kukauka. Hajakauka. Shirika la Afya Duniani linahesabu ujana balehe kuanzia miaka 10 hadi 19, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na madaktari wa ubongo wanasema ile sehemu inayomfanya mtu apime matokeo kabla ya kutenda huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Mwili umerefuka, akili ya kujizuia bado iko njiani. Na nyinyi mnamwacha hapo hapo.

Najua yupo atakayenijibu kwamba ndizo desturi zetu, mvulana akikua halali chumba kimoja na wadogo zake wala jirani na kitanda cha wazazi. Ni kweli, wala siipingi. Lakini tazameni wazee walivyoifanya. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela waliwatoa wavulana mapema kuliko wengi, wakiwa na miaka kama 10 au 11. Vijana wale walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, na kwa miaka vibanda vile vikawa kijiji cha rika zima. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa kwao miaka ya 1930, aliandika juu ya jambo hilo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1951. Watu hukumbuka kwamba vijana walitoka, wanasahau yaliyobaki: walirudi kula kwa mama zao, tena wakienda pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na mashamba waliyolima yalikuwa ya baba zao. Usingizi ulihamia nje, mdomo na mikono vikabaki nyumbani. Kila mama alizijua sura za marafiki wa mwanawe kwa sababu aliwapakulia. Mzazi wa leo anayetoa ufunguo wa chumba cha uani, naomba ajiulize kama anawajua kwa majina wale wanaoingia humo saa nne usiku.

Kwetu pwani kulikuwa na jando. Wavulana walikaa kumbini mpaka vidonda vipone, na siku zote hizo walikuwa mikononi mwa watu wazima waliojulikana, wakifundishwa usafi wa mwili, heshima kwa wakubwa, mambo ya unyumba, kuvumilia na kutunza siri ya wenzao. Siku hizi wengi hutahiriwa wachanga, au hospitali. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tohara kama njia mojawapo ya kumpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi, Tanzania imepeleka huduma hiyo hata katika mikoa ambayo haikuwa na mila ya kutahiri. Nashukuru kwa dhati, maana kisu cha hospitali ni safi na damu haimwagiki ovyo. Ila kisu kilikuwa sehemu ndogo ya jando. Mafunzo ndiyo yaliyokuwa jando lenyewe, na hayo sasa hayana mwenyewe. Nyumbani wanadhani atafundishwa shule. Mwalimu wa biolojia anachora mchoro ubaoni na kuufuta. Madrasa na kanisa kila mmoja anamtegea mwenzake. Kijana anaamka alfajiri shuka limelowa, analificha chini ya godoro, na anayemweleza maana yake ni mwenzake wa kidato cha pili aliyeyaona kwenye simu.

Kwa hiyo baba, mwambie wewe, na umwambie kabla hayajamfika. Mwambie ndoto nyevu si ugonjwa wala si dhambi, na kama nyinyi ni Waislamu mfundishe kuoga janaba. Mwambie kifua cha mvulana huweza kuvimba kidogo na kuuma upande mmoja au pande zote mbili katika umri huo, na kwa kawaida hupotea chenyewe. Wapo vijana wanaoacha kucheza mpira kwa sababu hiyo tu, wanaogopa kuvua shati. Mwonyeshe namna ya kunyoa kwapa na kidevu bila kujikata, na umkataze wembe wa kuazimana. Maneno haya hayahitaji kikao wala sauti ya hotuba. Mkiwa mnaosha pikipiki au mnaziba bati linalovuja, yataingia vizuri zaidi.

Sasa niseme juu ya chakula, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinapowapoteza vijana bila kujua.

Mvulana akiwa katika miaka yake ya kukua kwa kasi huweza kurefuka sentimita 9 au 10 ndani ya mwaka mmoja. Suruali ya Januari haifiki kifundo cha mguu ifikapo Desemba. Mwili huo unajengwa kwa kitu, na kitu chenyewe ni ugali, maharage, dagaa, mayai yakipatikana, karanga, mboga za majani, maziwa. Ndiyo maana anafika kutoka shule saa kumi na kufunua kila sufuria. Ndiyo maana kiporo kilichokuwa cha watu wawili hakipo asubuhi. Mama kwa kuchoka na bei ya unga anamwita mlafi mbele ya wadogo zake, au anaficha mkate kabatini na kufunga kwa kufuli. Ninaijua shida ya unga, sisemi kwa kuwadharau. Ila tafuteni cha kumjaza ambacho si ghali: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, uji mzito wa lishe uliotiwa karanga, ndizi. Chungu kimoja cha mihogo na kande jioni hakifilisi nyumba. Msimwaibishe kwa njaa yake, kwa sababu njaa ile haitapungua kwa aibu, itahama. Itakwenda kwenye kibanda cha chipsi, na hapo patakuwa na mtu mzima anayemwambia, njoo dogo, agiza, mimi nalipa. Mtu anayemlipia mtoto wenu chipsi mayai kila jioni ana haja yake, na haja hiyo mtaijua mkiwa mmechelewa.

Na mle pamoja. Zamani sinia moja liliwakalisha baba, wana na mgeni, na sinia lile lilikuwa darasa: unanawa, unamsubiri mkubwa aanze, unakula upande wako, nyama huigusi mpaka ugawiwe. Siwalazimishi sinia. Lakini hii tabia ya kila mtu kujipakulia na kuondoka, huyu mbele ya televisheni, yule uani na simu yake, imetuondolea saa pekee ambayo mzazi angeweza kumwona mtoto usoni. Mtoto aliyepigwa utamjua anavyotafuna. Aliyevuta kitu utamjua kwa macho yake. Aliyefukuzwa darasani kwa mchango utamjua kwa ukimya wake. Kama siku za kazi haiwezekani kwa sababu baba anaondoka alfajiri kukwepa foleni na kurudi watu wamelala, basi Jumapili isiguswe na jambo lolote.

Akishakula, aoshe vyombo. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mabinti wanaamka saa kumi na moja kufagia uwanja na kuchemsha chai, kaka yao amelala, na mama mwenyewe ndiye anayesema mwache mwanamume apumzike. Huko ni kumwonea binti, na kijana naye mnamharibu. Mvulana wa miaka 14 anaweza kusonga ugali, kupika maharage yakaiva, kufua sare zake na za mdogo wake, kupiga pasi, kudeki, kuchota maji na kumpeleka mtoto kliniki akitumwa. Wanaokwenda bweni bila kuyajua haya huteseka muhula mzima. Nimewaona darasani kola zimekuwa nyeusi. Ila ipo faida kubwa zaidi. Kijana wa umri huu hazungumzi akikalishwa kitini na kuulizwa maswali. Atajibu “poa” na “hamna kitu”. Mpe kitunguu akimenye pembeni yako, macho yake yakiwa kwenye kisu, atakwambia ambayo hata polisi wasingeyatoa kwake. Siri nyingi za wanangu nilizisikia jikoni.

Baba naye asisubiri jiko. Mpeleke msibani. Vijana wengi wa mjini wanafika miaka 20 hawajawahi kushika jembe la kuchimba kaburi, kubeba viti, kukesha kwenye turubai wala kutoa pole kwa maneno yaliyonyooka. Hapo ndipo mtaa unapomtambua kijana na kumhesabu kuwa mtu. Kijana aliyemchimbia kaburi babu wa jirani haibi kuku wa jirani huyo kirahisi. Mpeleke pia kazini kwako siku ya likizo, aone unavyoinama, aone bosi anavyokufokea, aone shilingi inavyopatikana. Atapunguza kudai viatu.

Nimetaja shilingi, basi niseme juu ya kubeti. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 18, na kila mtaa mnaona watoto waliovaa sare za shule wamesimama kwenye dubwi wakiitumbukizia sarafu za shilingi 200. Wakubwa kidogo wana mikeka ndani ya simu, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kaka au cha mama. Dalili zake mnaziona ila hamzisomi: chenji ya dukani inapungua kila siku kidogo, nauli ya shule inakwisha Jumatano, kijana anajua matokeo ya ligi ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani, na hasira zake zinafuata ratiba ya mechi. Msikimbilie kumpokonya simu na kumtukana. Mkalishe na karatasi, aandike alichoweka na alichopata kwa mwezi mmoja, ajumlishe mwenyewe. Hesabu hiyo huumiza, na huponya. Lakini baba anayebeti hana kinywa cha kumkanya mwanawe, na wapo wengi. Acheni nyinyi kwanza.

Simu zenyewe zilale sebuleni, zikichajiwa huko, za wazazi na za watoto. Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10, na mwili wake katika miaka hii unachelewa kupata usingizi usiku. Hiyo ni tabia ya umri, tusiiite uvivu kwa haraka. Kwenye mji kama Dar es Salaam, anayesoma mbali anatakiwa kituoni saa kumi na moja na nusu asubuhi, agombanie daladala na makonda wasiotaka nauli ya mwanafunzi. Akikaa na simu hadi saa saba usiku, amelala kwa muda wa saa nne tu. Mwalimu atasema ni mzito wa kuelewa.

Lipo jambo ambalo nikilitaja barazani wazee wenzangu huinamisha vichwa. Mnasema binti ndiye wa kuchungwa, mwana wa kiume hana hatari. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto Tanzania, ukahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana karibu 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana walikuwa 1 katika kila 7. Kwenye darasa langu la wavulana 42 hiyo ingekuwa sita. Mvulana hasemi, kwa sababu amefundishwa kwamba mwanamume halii, na anaogopa jina atakaloitwa mtaani. Anayemtenda mara nyingi ni mtu wa karibu, anayeaminika, pengine anayelala naye chumba kimoja mgeni alipokosa kitanda. Mwambieni mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba mwili wake ni wake, kwamba mtu yeyote akimgusa kosa si lake, na kwamba hamtamcheka wala kumpiga. Akiwaambia, msiyamalize kifamilia kwa kulipana mbuzi. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kuna simu ya bure ya mtoto, namba 116.

Fimbo sitaizungumza kwa kirefu. Shuleni, kanuni ya mwaka 2002 ilipunguza viboko visizidi vinne, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Nyumbani hakuna kitabu wala idadi, na baba aliyekuja na hasira za kazini hapigi kosa, anapiga chochote kilicho karibu. Kijana wa miaka 16 aliyepigwa mbele ya wadogo zake atafanya moja kati ya mawili: atairudisha ngumi, au ataondoka. Mnyimeni ruhusa, mpeni kazi, mkateni pesa ya matumizi, mrudisheni kwa aliyemkosea akaombe radhi kwa mdomo wake. Hilo la mwisho ni gumu kuliko bakora kumi.

Kuna akina mama mnaolea peke yenu. Mmoja mume amefariki, mwingine ameachwa, mwingine bwana yuko mgodini Geita na harudi mpaka mwaka uishe. Nyinyi nawaomba jambo moja. Msimwambie mtoto wa miaka 13, wewe ndiye baba wa nyumba hii sasa. Mnalisema kwa upendo, naye analibeba kama gunia. Ataacha shule akabebe abiria kwa pikipiki ya kukodi ili alete pesa ya jioni, na nyinyi mtazipokea kwa sababu unga umekwisha. Nendeni Taasisi ya Mifupa Muhimbili mkawaone vijana waliolala na vyuma miguuni baada ya ajali za bodaboda, wapo ambao hawajaota ndevu. Akusaidie kazi, ndiyo. Ajue hali ya nyumba, ndiyo. Ubaba usimpe.

Nanyi wajomba, ami na babu, maneno yangu ya mwisho ni yenu. Mnafika kwa dada yenu siku ya harusi na siku ya msiba, mnampa kijana noti ya elfu tano mkiwa mnapanda gari, mnasema amekuwa mkubwa huyu, mnaondoka. Noti haimfunzi kunyoa ndevu. Haimwelezi kwa nini amemkasirikia mama yake bila sababu, wala haimuulizi jana usiku alikuwa wapi. Likizo ya Juni ikikaribia, mpigieni dada yenu simu mseme kijana aje kwenu: kama una shamba alime nawe, kama una gereji akushikie spana, kama ni mvuvi mpande ngalawa pamoja. Mrudisheni kwa mama yake amefundishwa kitu kimoja kinachofaa na akiwa na namba yenu kichwani. Msisubiri dada aombe, wengi wanaona haya kuomba. Pigeni simu nyinyi, wiki hii.